Gauni Jeupe na Kopo la Maji

Nilikuwa na miaka arobaini na saba, mama wa watoto wanane, fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale Kahama mjini. Kushona nilifundishwa na masista wa misheni ya Ushirombo kabla sijaolewa, na mume wangu aliponunua kiwanja Nyasubi, cherehani ndiyo ilitulisha zaidi kuliko mshahara wake wa karani. Tulikuwa mafundi wawili tu kwenye baraza ile. Mwenzangu alikuwa mzee wa Kinyamwezi kutoka Tabora, Mwislamu, mjane, mtu wa maneno machache, ambaye suti zake zilivaliwa mpaka Shinyanga. Alikuwa akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, mimi nikimwita Baba, na kwa miaka sita tuliyokaa bega kwa bega hatukuwahi kuzungumza jambo lolote zaidi ya nyuzi, sindano na mvua.

Hayo ninayotaka kuyasimulia yalitokea mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati ule nguo zilipoadimika. Rafu za duka zilikuwa wazi. Mtu akipata vipande viwili vya khanga alivificha sandukuni kama mtu aliyeiba.

Tatizo langu lilikuwa limeanza kama miaka mitatu nyuma. Nikikohoa, nikinyanyua ndoo, nikicheka ghafla, mkojo ulinitoka. Mwanzoni matone, baadaye zaidi ya matone. Sikumwambia mtu. Kwetu Usukumani mwanamke mzima akijikojolea watu huuliza amemkosea nani, na mimi nilijiuliza hivyohivyo usiku na mchana. Nilikata vitambaa vya mashati ya zamani nikawa navikunja ndani ya nguo. Niliacha kunywa maji tangu asubuhi mpaka narudi nyumbani. Nilikunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi, kali, basi. Nilikwenda mara moja kwa mganga wa mitishamba nje ya mji, akanipa mizizi michungu ya kuchemsha, na ile mizizi ikanifanya niende chooni mara mbili ya awali. Kitandani nako nilimhama mume wangu. Nilimwambia mgongo unauma, nikawa nalala kwenye kitanda kidogo cha watoto waliokwisha kuondoka.

Sasa akaja mama mmoja, mke wa bwana mkubwa wa ushirika, na kitambaa cha satini nyeupe ambacho sijaona mfano wake tena. Binti yake alikuwa anaolewa na kijana mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, na kijana huyo ndiye aliyekipata kitambaa, kwa njia zake, kutoka ng'ambo ya mpaka. Kilikuwa kinatosha gauni moja tu, bila kubakiza hata cha kufunika kifungo. Mama yule aliniambia mara tatu nisikate kabla sijapima tena, na alikuwa na haki.

Niliushona mwili wa gauni kwa siku nne. Siku ya tano nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, gauni lote limekusanyika mapajani, nikishikiza lesi kwenye upindo kwa mkono. Ilikuwa kiangazi, upepo una vumbi, na mimi nilikuwa na mafua. Upepo ukapita juu ya pasi ya mkaa, majivu yakaruka, nikapiga chafya. Ya kwanza niliizuia nusu. Ya pili na ya tatu zilikuja pamoja.

Nilihisi joto. Nikabaki nimetulia kama mtu aliyekanyaga nyoka na hajui kama ameumwa. Kitambaa nilichokuwa nimekikunja ndani kilikuwa cha tangu asubuhi, hakikufaa kitu tena. Nilipoinua pindo la gauni nikaona doa, la ukubwa wa sahani, kwenye satini nyeupe, mbele kabisa, pale ambapo kanisa zima lingetazama.

Nilipoinua macho nikamwona mama wa bibi harusi anavuka barabara. Alikuwa anakuja kuangalia kazi.

Sikuweza kusimama wala kuficha. Nakumbuka niliwaza jambo la kijinga kabisa, kwamba labda atagongwa na baiskeli, asifike. Alikuwa amebakiza hatua kama kumi nilipomwona mzee mwenzangu ananyanyuka kwenye kiti chake. Alichukua lile kopo kubwa la maji tulilotumia kunyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi, akapiga hatua mbili kuja upande wangu, mguu wake ukajikwaa kwenye kiti changu, na maji yote yakamwagika mapajani mwangu. Gauni likalowa kuanzia kiunoni mpaka chini, na mimi nikalowa pamoja nalo. Maji yakatiririka sakafuni. Doa likawa halionekani tena ndani ya ule umajimaji wote.

Mama yule alisimama mbele yetu mdomo wazi. Mimi pia nilikuwa mdomo wazi. Maji ya kopo yalikuwa ya baridi, na mshtuko wake ulinikata pumzi.

Akamgeukia mzee. "Unajua kitambaa hiki kimetoka wapi?"

"Najua, mama," mzee akasema. "Mkono wangu umeteleza. Nitakifua mwenyewe, kitarudi kama kilivyokuwa."

Maneno yaliyofuata sitayaandika yote. Alimwambia mikono yake inatetemeka, kwamba mtu wa umri wake arudi kwao akachunge mbuzi awaachie kazi wanaoiweza. Watu walisimama kutazama. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika lile kopo tupu kwa mikono miwili. Mimi nilikaa. Sikusema neno hata moja.

Mzee alikwenda nalo gauni nyumbani kwake. Alilifua kwa maji yaliyochujwa na sabuni ya kipande, mara tatu, akalianika kivulini juu ya shuka, akalipiga pasi kwa ndani. Siku ya pili alinirudishia likiwa safi kiasi kwamba niligeuza pande zote nikitafuta alama nisiione. Nikamalizia lesi. Binti akaolewa nalo.

Lakini mama yule alikuwa na ulimi na alikuwa na marafiki. Habari ya mzee anayetetemeka mikono ilifika kwa mwenye duka, naye hakutaka ugomvi na wakubwa wa ushirika. Akamhamisha mzee kutoka mbele ya baraza akamweka pembeni, karibu na ukuta wa stoo, ambako mwanga ulikuwa hafifu na wapita njia hawamwoni. Wateja wake wakapungua. Na walikwenda wapi? Walikuja kwangu. Wanaume waliozoea kushonewa suruali naye waliniletea mimi suruali zao, nikazipokea.

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba alijikwaa kweli. Mtu hujidanganya upesi akiwa anahitaji. Nilijiambia ni Mungu tu aliyenisitiri, mzee hakuona kitu. Niliishi na uongo huo kwa siku kama kumi, mpaka jioni moja tulipokuwa tunafunika cherehani zetu, yeye akasema bila kunitazama:

"Dada yangu anakaa nyuma ya msikiti, nyumba yenye mlango wa bluu. Alikuwa mkunga wa zahanati miaka mingi. Nenda kamsalimie. Mwambie mimi nimekutuma."

Nilimuuliza nikamsalimie kwa sababu gani. Akafunga kamba ya turubai, akakaza fundo.

"Marehemu mke wangu alikaa ndani miaka saba kwa jambo hilohilo," akasema. "Hakwenda harusini, hakwenda msibani. Hata mama yake alipokufa hakwenda kumzika. Mimi nilidhani ana kiburi."

Kisha akaondoka. Nilibaki nimeshika ukuta. Sijui kipi kilichonishtua zaidi: kwamba mwanamume, tena wa rika la baba yangu, alijua jambo langu, au kwamba alikuwa amejua muda wote ule nilipomwacha atukanwe, au kwamba alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia mkasi.

Ilinichukua wiki nyingine kupata ujasiri wa kwenda kwenye mlango wa bluu. Dada yake alikuwa bibi mwembamba, mrefu, mwenye kucha zilizokatwa fupi kama za mtu anayengoja kuitwa kazini. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaniketisha kwenye mkeka, na kabla sijajua nianzie wapi akaniuliza nakunywa maji kiasi gani kwa siku.

Nilimwambia kwa fahari kidogo kwamba sinywi. Akanitazama kama nimemwambia namwaga mafuta ya taa jikoni.

Aliniambia kwamba ninajiharibu mwenyewe. Mtu asipokunywa maji, mkojo unakuwa mkali, na ule ukali unakichokoza kibofu kiutoe hata ukiwa kidogo. Chai yangu kali nayo inafanya vilevile. Aliniagiza ninywe maji, kidogokidogo, tangu asubuhi, na nipunguze jioni tu. Niliona anataka kuniangamiza. Miaka mitatu nilikuwa nimelinda heshima yangu kwa kiu, na huyu bibi ananiambia kiu ndiyo adui.

Halafu akanieleza kwamba hapa hakuna laana wala mtu aliyeniroga. Ni nyama zinazoshikilia viungo vya chini, ambazo zimelegea kwa kuzaa na kwa umri, na nyama ikilegea hukazwa kwa kufanyishwa kazi. Nikamuuliza kazi gani.

"Umekaa mbele ya mkwe wako," akasema, "tumbo limejaa hewa. Utafanyaje?"

Nilijikuta nakaza mwili palepale kwenye mkeka.

"Hiyo hiyo," akasema. "Sasa ikaze bila kubana tumbo wala mapaja, na usizuie pumzi. Vuta kama unainua kitu kwa ndani. Hesabu mpaka tano taratibu. Achia. Pumzika. Rudia."

Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Siku za mwanzo nilishindwa kufika tatu. Kitu kiliniponyoka kama uzi uliokatika. Aliniambia nisikasirike, niendelee. Aliniambia nikihisi chafya au kikohozi kinakuja, au nikitaka kunyanyua ndoo, nikaze kwanza ndipo nifanye. Aliniambia nisikimbilie chooni kila nikihisi, nijizuie kidogo, leo kidogo, wiki ijayo kidogo zaidi, mpaka kibofu kijifunze kungoja. Nile mlenda na papai nisipate choo kigumu, kwa sababu kujikamua kunalegeza nyama zilezile. Na akaniuliza kama napata maumivu, homa, au damu kwenye mkojo, maana hayo si ya mkekani, ni ya hospitali. Nikasema hapana.

Nilipomuuliza nitapona lini, akasema nisimuulize kabla ya miezi mitatu.

Nilifanya. Nilifanya nikiwa kwenye cherehani, miguu inapiga pedali, macho yapo kwenye mshono, na hakuna aliyejua. Mwezi wa kwanza sikuona chochote, na maji niliyokunywa yalinitia hofu kila saa. Mwezi wa pili niligundua kwamba vitambaa ninavyofua jioni vimepungua. Mwezi wa tatu nilipiga chafya mbili mfululizo barazani, nikakaza, nikangoja lile joto. Halikuja. Nilishtuka kuliko siku ile ya gauni. Nilikaa muda mrefu nimeshika sindano, naogopa kusogea, kana kwamba nikisogea litakumbuka.

Siku hiyohiyo nilimtazama mzee kule kwenye kona yake ya giza. Alikuwa ameinamia kazi mpaka pua inakaribia kitambaa, anatafuta tundu la sindano. Nikaona siwezi tena.

Nilikwenda nyumbani kwa mke wa bwana wa ushirika Jumamosi. Alinikaribisha sebuleni, akadhani nimefuata kazi. Nilimwambia yote nikiwa nimetazama sakafu: mafua, chafya, doa, kopo la mzee, na bibi wa mlango wa bluu. Nilipomaliza nilimwona amekunja uso kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua vizuri.

"Mwanangu amevaa gauni lile kanisani," akasema.

Nilimwambia lilifuliwa mara tatu. Akainuka, akaingia chumbani, akaniacha peke yangu na saa ya ukutani. Nilikuwa na hakika anamwita mumewe. Nikawa natazama mlango, nawaza nitapita wapi. Lakini alirudi amejifunga kitenge, amevaa viatu, akasema twende. Tulitembea mpaka barazani. Alimfuata mzee palepale ukutani, akapiga goti kidogo, akampa shikamoo. Alikuwa mteja wa miaka, na sikuwahi kumsikia akimwamkia mzee yule. Mzee akaitika marahaba. Mama yule akamwomba radhi mbele ya mwenye duka na mbele ya kila aliyekuwa anapita, bila kutaja sababu, ila aliyesikia alijua kuna sababu. Jumatatu cherehani ya mzee ilirudishwa mbele.

Nilitegemea shukrani. Nilipokwenda kumsaidia kupanga nyuzi zake, akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona.

"Nani alikuambia ujiseme?" akauliza. "Nilikusitiri. Wewe umekwenda ukajivua."

Hakunisemesha siku sita. Sikuelewa kwamba kwake yeye, kutukanwa lilikuwa jambo dogo, na kwamba nilikuwa nimekwenda kulitupa lile kubwa alilonipa. Mpaka leo sijui kama alikuwa na haki. Najua tu kwamba nisingeweza kuendelea kupokea suruali za wateja wake.

Na alichokiogopa kilitokea. Sijui mama yule alimwambia nani, au kama alisema kwa ubaya. Haikupita wiki mbili, muuza dagaa wa Nyasubi akaniuliza kwa sauti ya huruma kama nimepata nafuu. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho nilikuwa sijakikata, akasema ameghairi kushona. Mwingine alikuja kuchukua blauzi yake, akalipa, akazungukazunguka, kisha akaniomba nimwonyeshe hiyo nyumba ya mlango wa bluu ni ipi.

Mume wangu alizipata habari kwenye kilabu cha pombe. Aliingia mapema kuliko kawaida, akakaa kwenye kile kitanda kidogo nilichokuwa nalala, akatazama mikono yake. Nilijua anajua. Nilingoja aniulize nimeiacha wapi heshima ya nyumba yake.

Badala yake aliniambia, polepole, kwamba alikuwa amekwenda Ushirombo kwa mganga. Mara mbili. Alikwenda kuuliza ni nani amemwekea kitu kibaya mpaka mkewe wa miaka ishirini na nane asitake kulala karibu naye. Mganga alimtajia kaka yake mwenyewe. Kwa mwaka mzima hakuwa amekanyaga kwa kaka yake kwa sababu hiyo.

Nilikaa chini, sakafuni. Nilikuwa nimejua kwamba naficha aibu yangu. Sikujua kwamba nilikuwa nimevunja undugu wa watu kwa kuificha.

"Kwa nini niliambiwa na walevi?" akauliza. "Mimi ningefanya nini? Ningekupiga?"

Jumapili iliyofuata tulikwenda pamoja kwa kaka yake na kuku wawili. Usiku ule nilirudi kwenye kitanda chetu na kitambaa changu kimekunjwa, na yeye alijifanya hakioni.

Mzee alifanya kazi miaka mingine minne, kisha macho yakagoma akarudi Tabora kwa binti yake. Tuliagana pale barazani. Alinipa mkasi wake mkubwa wa kukatia suti, akaniambia nisiutumie kukatia karatasi. Jambo letu hakuligusa tena, wala mimi.

Sikupona kama mtu anavyopona malaria. Nikiugua kikohozi cha wiki nzima, matone hutoka, na nikiacha mazoezi mwezi mmoja mwili hunikumbusha. Lakini mwaka uliofuata ule wa gauni nilipanda basi mpaka Shinyanga, safari ambayo nilikuwa nimeikwepa muda mrefu, kumwona binti yangu aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Ngokolo. Siku ya tatu, nikiwa namkanda kwa maji ya moto, nilimwambia akae vizuri, nikamweleza habari ya mkwe na tumbo lililojaa hewa.

Aliacha kunyonyesha. Alinitazama kama vile mtu mwingine ameingia chumbani akavaa sura ya mama yake, yule mama ambaye hata neno hedhi hakuwahi kulitamka mbele yake.

"Mama," akasema, "mambo haya umeanza lini kuyasema?"

Nilimwambia ashike mtoto vizuri, akaze, ahesabu mpaka tano.